Nani Anatoka wa Pili? Barua ya Wazi kwa Makundi ya Hip Hop

Kwa makundi yanayoandaa albamu ya pamoja,
Dar es Salaam, Arusha, Mombasa, Nairobi na kwingineko.

YAH: FOLENI BAADA YA ALBAMU

Wadogo zangu,

Nasikia kila kona kuna kundi linaingia studio: watu sita hapa, wanane kule, simu zimejaa mistari, prodyuza ni mshkaji wa mtaani, na jina la albamu limeshapatikana kabla hata wimbo mmoja haujakamilika. Hongereni. Ila kila nikiuliza mmekubaliana nini kuhusu siku zitakazofuata baada ya albamu kutoka, jibu ni lile lile: tupige kazi kwanza, hayo mengine tutayaongea ngoma zikibamba.

Naomba mgeuze. Yaongeeni sasa, wakati mezani hakuna cha kugombea. Ngoma zikishabamba kila mmoja atakuwa na meneja wake, na shemeji yake anayemnong'oneza kwamba yeye ndiye aliyelibeba kundi.

Nitawapa kisa cha kundi mnalolijua. Hata asiyewahi kusikia wimbo wake mmoja ameiona ile herufi W kwenye fulana za mitumba. Wu-Tang Clan walitoa Enter the Wu-Tang (36 Chambers) tarehe 9 Novemba 1993. Walikuwa tisa, wengi wao vijana wa Staten Island, sehemu ya New York ambayo hadi wakati huo hakuna aliyeitazamia kwenye rap. Walirekodi kwenye studio ndogo ya New York iitwayo Firehouse. Albamu haikulipuka siku ya kwanza, kwani kwenye chati kuu ya Marekani iliishia nafasi ya 41. Lakini iliendelea kuuza taratibu, na mwaka 1995 ikavuka nakala milioni moja.

Watu tisa, albamu moja, mwanzo mmoja. Leo mmoja wao ametunga muziki wa filamu za Hollywood na kuongoza yake mwenyewe. Mwingine ni mwigizaji wa televisheni ambaye vijana wengine hawajui kama aliwahi kuchana. Mwingine alikwenda mahakamani kudai mirabaha. Mwingine alifariki akiwa na miaka 35. Mwingine alingoja zaidi ya miaka 10 kutoa albamu yenye jina lake. Ukiwauliza mashabiki kwa nini, watakwambia ni kipaji. Mimi nakataa, na sababu za kukataa kwangu ndizo zilizonifanya niandike barua hii.

Tuanze na karatasi. Mwaka 1991, kabla kundi halijajulikana, wawili kati yao walikuwa wameshaungua. RZA, kiongozi wao, wakati ule akiitwa Prince Rakeem, alitambulishwa na lebo ya Tommy Boy kwa wimbo mwepesi wa kuchekesha wasichana. Binamu yake GZA alitoa albamu nzima chini ya Cold Chillin'. Kazi zote mbili zilikufa. Walirudi mtaani bila pesa, ila wakiwa na elimu ambayo wengine saba hawakuwa nayo: walishaona jinsi lebo inavyomshika msanii, inavyomvalisha sura isiyo yake, kisha inavyomwacha.

Ndiyo maana ulipofika wakati wa kusaini na lebo ya Loud, RZA alikubali kundi lipate malipo ya awali madogo ili apate kipengele kimoja alichokitaka kuliko pesa. Kundi lingekuwa la Loud, lakini kila mwanachama angebaki huru kusaini peke yake popote atakapo, na angeruhusiwa kulitumia jina la Wu-Tang huko aendako. Hapo kabla, lebo ikichukua kundi ilijichukulia na watu wake wote. RZA aliwaomba wenzake wampe miaka mitano waifuate ramani yake bila kubishana. Picha aliyoitumia yeye mwenyewe ni ya basi: pandeni, mimi ndiye dereva, msiniulize njia.

Wakapanda. Na basi likaenda kweli. Method Man alitangulia na Tical, Novemba 1994, chini ya Def Jam. Ol' Dirty Bastard akafuata Machi 1995 kupitia Elektra. Agosti mwaka huo huo Raekwon akatoa Only Built 4 Cuban Linx... kupitia Loud yenyewe, na Ghostface Killah akiwa pembeni yake karibu albamu nzima. Novemba GZA akaja na Liquid Swords kupitia Geffen. Ghostface akapata zamu yake Oktoba 1996 na Ironman kupitia Epic, akaingia chati kwenye nafasi ya pili. Albamu tano, lebo tano, ndani ya miaka miwili, na midundo karibu yote imetoka kwa mtu mmoja, RZA, akiwa kwenye kilele chake. Kila albamu iliitangaza iliyofuata, kwa sababu wote walichana kwenye kazi za wenzao. Juni 1997 walipokusanyika tena kwa Wu-Tang Forever, iliingia moja kwa moja namba moja na kuuza nakala zaidi ya laki sita wiki ya kwanza.

Hesabuni sasa. Tisa kutoa watano ni wanne. Mmoja wa hao wanne ni RZA mwenyewe, dereva. Wamebaki watatu: Inspectah Deck, U-God na Masta Killa. Hao ndio ninaotaka mkae nao kidogo, maana katika kila kundi la watu wanane lililopo Temeke au Dandora, Deck yumo, U-God yumo, na Masta Killa yumo.

Inspectah Deck ndiye aliyenisumbua siku zote. Sikilizeni Protect Ya Neck, wimbo uliowatambulisha: sauti ya kwanza kuchana ni yake. C.R.E.A.M. ina beti mbili tu, moja ya Raekwon, nyingine yake. Triumph, wimbo mkubwa wa mwaka 1997, unafunguliwa na ubeti wake, na wapo wengi, nami nikiwamo, wanaoamini hakuna ubeti wa ufunguzi uliowahi kuupita. Kwa ukali wa mistari hakuwa nyuma ya yeyote kati ya watano waliomtangulia. Albamu yake ilikuwa ikiandaliwa katikati ya miaka ya tisini, ndipo mafuriko yalipoingia kwenye chumba cha chini cha nyumba ya RZA, palipokuwa na studio, na kuharibu mamia ya midundo. Ya Deck ilikuwamo. Uncontrolled Substance ilitoka Oktoba 1999, ikiwa na midundo michache tu ya RZA, wakati masikio ya Marekani yalishahamia kwingine na jina la Wu-Tang limebandikwa kwenye albamu nyingi za marafiki wa marafiki. Mtu ambaye angesikika mwaka 1995 kama mfalme alisikika mwaka 1999 kama mmoja wa wale wengine.

(Tukiwa hapo hapo: mafaili ya sesheni zenu yako wapi? Kama yote yako kwenye kompyuta moja, nyumbani kwa prodyuza, kumbukeni Mto Msimbazi nao hufurika.)

U-God alikuwa gerezani muda mwingi albamu ya kwanza ilipokuwa ikirekodiwa, kwa hiyo anasikika mara mbili, mistari michache. Albamu yake ilitoka Oktoba 1999, mwezi ule ule wa Deck, ikapita. Mwaka 2016 alifungua kesi akidai mirabaha ya dola milioni 2.5, na mwaka 2018 akaandika kitabu kizima cha maisha yake, Raw, ambamo uchungu wake haujifichi. Unaweza kusema alichangia kidogo, basi anadai nini? Sawa. Lakini jina lake limo kwenye orodha ya tisa, sura yake imo kwenye picha, na aliipa safari ile miaka yake ya ujana kama wenzake. Mchango wa mtu kwenye kundi haupimwi kwa idadi ya mistari peke yake, na kama nyinyi mnaona unapimwa hivyo, mwambieni leo, kabla hajaacha kazi yake ya bodaboda.

Masta Killa ana kisa kingine kabisa. Ndiye aliyejiunga wa mwisho, na kwenye albamu ya kwanza ana ubeti mmoja tu, katika Da Mystery of Chessboxin'. Killah Priest, aliyekuwa akiisaka nafasi hiyo hiyo, amesimulia kwamba usiku wa kuuandika ubeti huo yeye alipitiwa na usingizi huku mwenzake akiendelea kuandika. Asubuhi mmoja akawa mwanachama wa Wu-Tang, mwingine akabaki mshirika. Hivyo ndivyo maisha ya watu yanavyoamuliwa studio. Masta Killa alingoja hadi Juni 2004 kutoa No Said Date, na ikapokelewa vizuri kuliko za Deck na U-God za mwaka 1999. Kwa hiyo siwaambii kwamba wa mwisho lazima afe njaa. Ila yeye hakuwa na matarajio ya kutoka mapema, hakuna aliyemwahidi, na kungoja bila ahadi hakuumi kama kungoja ahadi isiyo na tarehe.

Yupo na Cappadonna, nje ya wale tisa, ambaye hakuwamo kwenye albamu ya kwanza kwa sababu alikuwa jela. Alikuja kung'ara kwenye nyimbo za Raekwon na Ghostface, akapata albamu yake mwaka 1998, na miaka michache baadaye alikuwa akiendesha teksi Baltimore. Teksi ni kazi ya halali, sina neno nayo. Nashangaa tu kwamba jina kubwa namna ile halikumwekea hata akiba.

Sababu ya hilo ipo kwenye hesabu, na naomba mvumilie nikiieleza. Pesa za wimbo zina milango miwili. Kuna haki ya utunzi, yaani mashairi na muziki wenyewe, na kuna haki ya rekodi, yaani ile sauti iliyorekodiwa siku ile studio. Wimbo wenye wachanaji sita una watunzi sita pamoja na aliyetengeneza mdundo, na wote wanagawana mlango wa kwanza. Mlango wa pili kwa kawaida ni wa aliyelipia kurekodi, akiwa lebo, meneja au prodyuza. Kwenye shoo hali ni hiyo hiyo: tuseme mmelipwa shilingi milioni tatu, mko wanane, kuna DJ, meneja, nauli na chakula. Kila mmoja anarudi nyumbani na kitu cha kulipia kodi ya chumba mwezi mmoja, wakati mtaa mzima unaamini umetajirika. Albamu ya pamoja inawapa umaarufu wa watu wote na kipato cha robo mtu. Njia ya kuufanya umaarufu ule ulishe familia ni kazi ya mtu mmoja mmoja inayofuata. Kwa hiyo anayepanga nani atoke lini ndiye anayepanga nani ale lini. Kwa Wu-Tang alikuwa RZA, peke yake, na ndiye huyo huyo aliyetengeneza midundo na aliyeongoza kampuni iliyosimamia kila kitu.

Simlaumu bure. Bila foleni yake nadhani tungewakumbuka kwa albamu moja nzuri ya mwaka 1993, basi. Foleni ilikuwa lazima, kwa sababu mtu mmoja hawezi kutengeneza albamu tisa kali kwa mkupuo. Kosa lake, kwa maoni yangu, ni kwamba ramani ilikuwa kichwani mwake tu, na miaka mitano aliyoiomba iliisha mwaka ule ule wa Wu-Tang Forever, kabla watatu hawajaguswa. Hakukuwa na karatasi ya kumuuliza.

Na kutangulia pia hakumwokoi mtu. Ol' Dirty Bastard alikuwa wa pili kwenye foleni, mwaka 1995, na hakuna aliyekuwa na sauti kama yake duniani. Miaka iliyofuata ilikuwa ya kesi, dawa za kulevya na kifungo. Alipotoka jela mwaka 2003 alikuta lebo mpya inamsubiri na mkataba. Tarehe 13 Novemba 2004 alianguka na kufa ndani ya studio ya RZA, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 36. Wenzake walimpenda, sina shaka. Lakini kila mtu alikuwa na ziara yake na lebo yake, na mtu mgonjwa hahitaji mkataba mwingine. Nimeona makundi yetu nayo yakimpoteza mwenzao polepole hivi hivi, huku kila mmoja akidhani kuna mwingine anayemfuatilia. Mtakapokaa, mteueni mtu.

Waliosalia kila mmoja alijitafutia mlango. Method Man aliigiza Oz na The Wire, akaendelea hadi Power Book II: Ghost, na leo kamera inamlipa kama maiki ilivyomlipa. RZA alitunga muziki wa Ghost Dog na Kill Bill, akaongoza The Man with the Iron Fists mwaka 2012. GZA aliingia madarasani New York kuwafundisha wanafunzi sayansi kwa mistari. Raekwon alirudi mwaka 2009 na sehemu ya pili ya albamu yake ya 1995, ikapendwa. Ghostface hakuacha kutoa albamu. Hata Deck, tangu mwaka 2013, amejenga jina jipya na kundi la Czarface, lenye wasikilizaji wake. Nafurahi kwa ajili yake, ingawa bado nahesabu ile miaka minne kati ya 1995 na 1999 kama deni.

Mtasema hayo ni ya Marekani. Haya, turudi nyumbani. Kundi la Hard Blasters lilikuwa na watu watatu, na wimbo wao Chemsha Bongo ulikuwa wa wote. Baada ya albamu yao ya Funga Kazi, mmoja wao, Professor Jay, alitoka peke yake na Machozi, Jasho na Damu mwaka 2001, akawa mmoja wa watu waliolifanya taifa zima likubali kwamba rap ya Kiswahili ni muziki, na mwaka 2015 akawa mbunge wa Mikumi. Wenzake, Fanani na Big Willy, hawakufika huko. Simlaumu Jay kwa kwenda. Mwenye nafasi huenda. Ila huku kwetu hata ile foleni yenye kasoro ya RZA haikuwapo. Kila mtu aliachiwa bahati yake.

Kuna na upande wa heri. Wachanaji AY na Mwana FA wametoka kwenye kambi moja ya East Coast na wamefanya kazi pamoja kwa miaka. Nyimbo zao Usije Mjini na Dakika Moja zilipotumiwa na kampuni ya simu kama miito bila ridhaa yao, walikwenda mahakamani wakiwa wawili, wakiwa na wakili mmoja na hoja moja, na mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala ikawapa fidia ya zaidi ya shilingi bilioni 2. Mwana FA baadaye alikuwa mbunge wa Muheza, kisha mwaka 2023 naibu waziri kwenye wizara inayosimamia sanaa. AY akaendelea na muziki na biashara. Njia zao hazifanani hata kidogo, lakini sijasikia mmoja akimdai mwenzake. Kundi la Weusi la Arusha nalo: Nikki wa Pili aliteuliwa mkuu wa wilaya ya Kisarawe mwaka 2021, Joh Makini na G Nako wakaendelea kuchana. Mtu anaweza kuondoka kabisa kwenye gemu bila kundi kuvunjika. Inawezekana.

Sasa ninachowaomba. Fanyeni kikao kabla ya kurekodi wimbo wa kwanza, na mwenyekiti asiwe prodyuza, kwa sababu yeye ana maslahi kwenye kila hoja itakayoletwa. Andikeni nani anatoka wa kwanza, wa pili, hadi wa mwisho, na kwa kila mmoja wekeni mwezi na mwaka. Wa mwisho akikubali kungoja, apewe kitu cha kungojea: fungu kubwa zaidi la shoo za kundi, au sehemu ndogo ya mapato ya waliomtangulia mpaka zamu yake ifike. Wu-Tang walikuwa na utaratibu wa sehemu ya mapato ya kila mtu kurudi kwenye kampuni ya kundi, na wazo lenyewe si baya, mradi hesabu zisomwe mbele ya watu wote na zisomwe na mtu asiyelipwa kwa kuzisoma vibaya. Kila wimbo ukikamilika, andikeni usiku ule ule nani katunga nini na kwa asilimia ngapi, wote msaini, kisha mpeleke ofisi ya hakimiliki: COSOTA, au KECOBO kwa mlioko Kenya. Jina la kundi lisajiliwe kama alama ya biashara, BRELA kwa Tanzania au KIPI kwa Kenya, kwa niaba ya wote, na muandike pia litakuwa la nani mkivunjika, maana hilo ndilo litakalowapeleka mahakamani kabla ya pesa. Kama hamuwezi kumlipa wakili, shairi refu kuliko makubaliano haya mmeshaandika. Kaeni muandike kwa Kiswahili chenu, shahidi awe mtu mzima asiye ndugu wa yeyote.

Wale wawili watatu wenye vipaji vikubwa zaidi hawatakipenda kikao hiki. Wataona kinawachelewesha. Wavumilieni, wakalisheni. Na wewe mwenye ubeti mmoja tu kwenye albamu nzima, wewe ambaye jina lako liko mwisho kwenye kava, usisubiri wenzako wamalize kuongea. Uliza swali la kwanza wewe.

Wasalaam,
Kaka yenu, msikilizaji wa siku nyingi.